Kayongo haikuondoka kwa semina

Ushauri tuliopewa kwa miaka mingi huku Siaya ulikuwa mmoja: ng'oeni kayongo, gugu la striga linaloshambulia mahindi, ikichanua. Ushauri wa bure, na unastahili bei yake. Ukiliona ua la zambarau, gugu hilo lina wiki kadhaa likinyonya mizizi ya mahindi chini kwa chini. Mmea mmoja humwaga makumi ya maelfu ya mbegu laini kama vumbi, nazo hukaa udongoni miaka na miaka.

Katika shamba darasa ninaloliendesha, ushauri huo tuliupa kipande chake kando ya njia ya sokoni ili uaibike hadharani. Wazee walioutetea ndio walioing'oa kayongo humo. Waling'oa kweli, wakajaza magunia. Mahindi yakabaki ya manjano, kimo cha goti, na kayongo nyingine ikachomoza palepale. Wapita njia walicheka wee!

Kipande cha pili kilikuwa na desmodiamu, mmea wa malisho unaotambaa, katikati ya mistari ya mahindi, na mistari mitatu ya nyasi ya brachiaria kuzunguka shamba, mtindo wa sukuma-vuta uliobuniwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita pamoja na Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza. Mizizi ya desmodiamu huichochea mbegu ya kayongo iote, kisha huizuia isishike mzizi wa mahindi, ikafa. Harufu yake hufukuza nondo wa bungua, mdudu anayetoboa mabua ya mahindi, nao huenda kutaga kwenye nyasi. Mbegu ya mahindi na mbolea viwe sawa vipande vyote. Ukizidisha mbolea upande mmoja, jirani atasema ni mbolea tu, na somo limekufa.

Mbegu ya desmodiamu ni ghali, na ekari huhitaji kilo hivi. Changanya na mchanga mara mbili yake, mimina kwenye kifereji cha sentimita moja au mbili. Ikizikwa zaidi haioti.

Hatari kubwa ni jembe la kibarua. Msimu wa kwanza desmodiamu ni dhaifu na inafanana na magugu. Wapalizi huifyeka yote asubuhi moja. Kwa hiyo otesha michache kwenye kopo mapema, uwape waishike: vijani vitatu pamoja, na aina iitwayo greenleaf ina madoa mekundu-kahawia juu ya jani. Asiyeitambua hapewi jembe. Kwenye somo mwalike anayepalilia, maana mwenye shamba huenda yuko Kisumu.

Anayetaka kuanza tunampa mashina ya desmodiamu, hanunui mbegu. Kata ya vifundo vitatu wakati wa mvua, funga kwenye gunia bichi, zika vifundo viwili siku hiyohiyo. Sharti letu ni kwamba yakishika, naye awakatie majirani wawili, huku akiacha kisiki cha vidole vinne ili yachipue tena. Ng'ombe wanaoila wasubiri zamu yao.