Jumatatu ya kufungua shule: siku moja na darasa la kwanza, Tanga

Saa 10:40 alfajiri

Nimeamka kabla ya adhana, na si kwa uchaji, ni wasiwasi tu. Darasa la kwanza nimelifundisha miaka 14 sasa, lakini usiku wa kuamkia kufungua shule silali vizuri, kama vile ninayepelekwa ni mimi.

Begi nililipanga tangu jana: chaki, rejesta, kalamu nyekundu, na kopo la maziwa ya unga lenye penseli nusu nusu nilizozikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Penseli nzima haifiki Jumatano mikononi mwa mtoto wa darasa la kwanza. Itatafunwa, itaazimwa, itachongwa mpaka iishe, maana kuchonga kwao ni kutamu kuliko kuandika. Ya nusu ikipotea, angalau hasara nayo ni nusu.

Saa 12:15 asubuhi

Niko juu ya baiskeli, Mikanjuni kwenda Ngamiani. Ni mwezi wa kwanza, kaskazi imeshika, na saa hizi tayari mgongo umelowa. Kwa wasioijua Tanga, Ngamiani ni zile barabara za namba, kuanzia ya Kwanza hadi ya Ishirini na Moja. Mtu akipotea huku kapenda mwenyewe.

Kibarazani kwa fundi cherehani kuna foleni. Fundi macho mekundu, taa hajaizima tangu usiku, na akina mama watatu wamemsimamia kichwani. Mtoto mmoja kafungwa kanga kiunoni, anaisubiri kaptula yake itoke chini ya sindano.

"Shikamoo mwalimu! Nisemee hapa, waniache mpaka saa mbili tu!"

"Marahaba. Sikusemei, fundi. Kitambaa umeletewa tangu Krismasi."

Wale mama wakashangilia kama nimefunga goli.

Saa 1:00 asubuhi

Ringi la gari limegongwa. Wakubwa wanafagia uwanja, mwalimu wa zamu anawakusanya waliochelewa, mimi nimesimama getini kupokea wageni wangu.

Ukitaka kujua mtoto analelewa na nani, usiisome fomu. Fomu zote zinasema baba na mama. Simama getini siku hii. Nimepokea mabibi, mashangazi, na dada wa darasa la tano aliyemshika mdogo wake mkono huku mwenyewe anachelewa mstarini. Bodaboda mmoja alimshusha mtoto, akaniuliza nisaini wapi, kama analeta gunia. Akina baba nao walikuja, wachache. Mmoja alisimama mbali, ng'ambo ya barabara, akijifanya anasoma simu. Nilimwona akikaa pale mpaka mtoto alipoingia darasani, na hata baada ya hapo.

Sare zote za leo ni za kukulia. Kaptula zimefika chini ya magoti na mikono ya mashati imekunjwa mara tatu. Kuna binti ambaye ushungi ulimfunika mpaka tumboni, ukimtazama kwa nyuma unaona ushungi unatembea peke yake. Siwacheki wazazi hapa. Sare moja ikipatikana, inatakiwa imfikishe darasa la tatu, kisha imshukie mdogo wake.

Vilio havikukosa. Aliyepita darasa la awali humjui kwa akili, unamjua kwa macho makavu. Ambaye hakupita alilishika dera la shangazi yake kwa mikono miwili, na mimi nikawa nabandua kidole kimoja kimoja, nikimaliza cha tano cha kwanza kimeshika tena.

Bibi mmoja akanisogelea, akanishika kiganja.

"Mwalimu mwanangu, huyu mie nimekukabidhi. Nyama yako, mifupa yangu."

Ndivyo watoto walivyokuwa wakikabidhiwa kwa mwalimu wa chuo cha Kurani enzi hizo, na maana yake mpige utakavyo. Nikamwambia, "Bibi, nyama baki nayo. Mimi nipe masikio yake tu." Akacheka mpaka akajifunika uso kwa upindo wa kanga, lakini hakuniamini. Alipokuwa anaondoka nilimsikia akimwambia mjukuu, "Huyo mpole leo tu."

Saa 2:00 asubuhi

Rejesta ya mkondo wangu ina majina 83, waliofika ni 61. Waliobaki wataingia mmoja mmoja hadi mwisho wa mwezi. Wengine bado wako Handeni au Muheza kwa ndugu zao, nauli ya kurudi haijapatikana.

Ninaita majina, na hapa ndipo siku yangu inapokwama kila mwaka. Watoto wengi hawayajui majina yao.

"Salehe!" (Majina yote humu nimeyabadilisha.) Kimya. "Salehe Othman!" Kimya. Wananitazama wote, na wao wanamtafuta huyo Salehe.

Dirishani kuna akina mama waliogoma kuondoka. Mmoja akaita kwa sauti ya chini, aibu imemjaa: "Babu! Wee Babu, itika!"

Mtoto wa dawati la tatu akasimama. "Naam."

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikalazimika kugeukia ubao.

Baadaye mama yule aliniita pembeni. "Mwalimu, nisamehe. Jina ni la baba mkwe wangu, mie silitaji. Nyumbani wote tunamwita Babu." Nikamwelewa, maana hata kwetu ni hivyo hivyo. Mtoto anapewa jina la mzee, kisha kwa heshima ya mzee jina halitamkwi, na mtoto anaishi miaka sita bila kulisikia. Darasani kwangu mwaka huu nina Babu wawili, Mjomba mmoja, Somo mmoja, na msichana mwembamba anayeitwa Shangazi. Jaribu kumwambia mtoto wa miaka sita "Shangazi, toa kidole puani" bila wewe mwenyewe kucheka.

Ni kichekesho, lakini kina mwiba. Jina linaloingia kwenye rejesta yangu ndilo litakaloingia kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi. Humo mtoto anapewa namba, na namba hiyo anakwenda nayo hadi mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Herufi moja nikiikosea leo, kuna mtu atahangaika nayo miaka mingi ijayo, cheti cha kuzaliwa kikisema hivi na cha shule kikisema vile. Kwa hiyo pembeni ya kila jina nimeandika kwa penseli jina la nyumbani, ili wiki hii niweze kuwaita wakaitika.

Vipindi viwili vya kwanza hatukusoma herufi hata moja. Tumejifunza jina lako ni nani, choo kiko wapi, na ukitaka kwenda unasemaje. Atakayeona hiyo si kazi aje ashike zamu Jumanne.

Saa 4:00 asubuhi

Mapumziko. Nje ya uzio mihogo ya kukaanga, bajia na barafu za ubuyu. Mwenye mia mbili anakula, asiye nayo anamsindikiza mwenzake kwa macho. Ndiyo hasa ajenda ya kikao cha wazazi kilichoanza dakika hizo chini ya mwarobaini.

Mwalimu mkuu alieleza kuhusu uji, mwenyekiti wa kamati ya shule akaongezea, kisha akasimama baba mmoja mwenye kofia ya kufuma: "Serikali ilisema bure. Sasa hii mia mbili ya kila siku inatoka wapi?"

Watu wakapiga makofi. Na swali ni la haki. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Mwaka 2016 ukaja mpango wa elimu bila ada, na michango ya lazima ikakatazwa. Ruzuku iliyopangwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo 4,000 ni za vitabu. Gawanya kinachobaki kwa siku za masomo uone kama kinanunua hata kikombe cha uji. Chakula, basi, ni makubaliano ya wazazi wenyewe, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuchangia. Mwalimu mkuu aliyasema yote hayo, ila aliyasema kwa lugha ya waraka, na watu wakazidi kununa.

Aliyekiokoa kikao ni mama mmoja muuza vitumbua. Hakusimama hata kusimama. "Nyie wanaume mnabishana mia mbili. Mie kila asubuhi namwona mtoto wa nani anakuja na njaa, maana anasimama mbele ya karai langu hanunui. Mnataka niwataje?"

Hakuna aliyetaka. Wakakubaliana uji uanze na madarasa ya chini, asiye na pesa alete unga au kuni, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi. Hilo la ukutani lilikuwa wazo la yule baba wa kofia, na nadhani ndilo bora kuliko yote yaliyosemwa asubuhi hiyo.

Nina langu moja la kusema, na kwenye vikao huwa nalimeza. Sisi walimu tunalalamika kuwa wazazi hawaji shuleni. Lakini tunapowaita, ama kuna mchango ama mtoto kaharibu. Mimi mwenyewe ningekuwa ninaitwa hivyo, ningekuwa na safari kila siku ya kikao.

Saa 5:10 asubuhi

Ndiyo maana tangu miaka mitatu nyuma nimeanzisha kautaratibu kangu. Kikao kikiisha nawaomba wazazi wa darasa la kwanza waje darasani dakika kumi, kila mmoja akae kwenye dawati la mwanawe, na mwanawe amwonyeshe daftari lake. Sidai kitu. Leo walikuja 20 na kitu. Magoti hayakuingia chini ya dawati, mama mjamzito alikaa upande upande, bibi wa mifupa alikataa kabisa kukaa, akasimama kama askari.

Nikawaomba waandike jina kamili la mtoto kwenye kipande cha karatasi, kama wanavyotaka liandikwe.

Mmoja alikuwa mvuvi, ametoka soko la samaki la Deep Sea moja kwa moja, suruali imekauka chumvi na vidole vimechanwa na nyuzi. Aliitazama ile penseli nusu muda mrefu, akaigeuza, akairudisha mezani taratibu. Nilipofika kwake akasema kwa sauti ya kunisikizisha mimi peke yangu, "Mwalimu, herufi mie sizijui. Lakini vema naijua."

"Vema?"

Akachora hewani kwa kidole, shuka fupi, panda ndefu. "Nikiiona nyekundu kwenye daftari, najua leo kapata. Nikiona ule mkasi, najua kakosa."

Nikamwambia basi, kila jioni akitoka baharini alifungue daftari atafute vema ngapi. Zikiwa chache amuulize mtoto ilikuwaje, na amwache mtoto aeleze. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwita binti yake mkubwa wa darasa la sita, aliyekuwa anachungulia mlangoni, amwandikie jina la mdogo wake, naye akalikagua lile karatasi kwa makini, juu chini, kana kwamba analisoma.

Saa 6:00 mchana

Darasa la kwanza wanaruhusiwa. Simwachii mtoto mpaka niuone uso ninaoujua, na siku ya kwanza siujui uso wowote, kwa hiyo namuuliza mtoto: "Huyu nani?" Mmoja kamtazama kaka yake tumbo moja, akanijibu, "Simjui," kwa sababu asubuhi walinyang'anyana andazi. Nusu saa nzima ikapotea hapo.

Saa 7 hadi saa 9 na nusu

Azimio la kazi, andalio la somo la kesho, kuhamisha majina. Nimekula mihogo miwili na chai ya rangi. Feni ya ofisi ya walimu inazunguka kwa hisani.

Saa 12:30 jioni

Nimerudi kwa Barabara ya Kumi na Mbili ili nipitie nyanya na nazi. Watoto wangu wanne wa asubuhi nimekutana nao wakienda madrasa, kanzu na mabuibui, kila mmoja na msahafu wake kifuani. "Shikamoo mwaaalimu!" Mmoja wao ni Babu. Nikamwita "Salehe!" Akageuka papo hapo, mara ya kwanza tu. Nilifurahi kama nimelipwa malimbikizo.

Saa 3:00 usiku

Wali umeiva, rejesta ninayo mezani, nimejaza kwa wino mweusi majina yote 61, herufi nzuri, mistari haikupinda. Simu ikalia. Ni ujumbe wa mama yake Babu, na picha ya cheti cha kuzaliwa, imepigwa usiku chini ya taa hafifu, kona moja imekatika.

"Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Cheti tumekiona chini ya godoro la bibi yake. Baba yake anasema ni Swalehe, kwa W. Na yeye mwenyewe ni Athumani, siyo Othman."

Nikaitazama rejesta. Nikalitazama kopo la penseli pale mezani, na kifutio kilichokuwa juu yake.