Vifuniko Vitano Chini ya Kikombe

Nilimpangia mtoto mmoja vifuniko vitano vya chupa mezani. Akavigusa kimoja kimoja: moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikaongeza vitatu pembeni, nikamuuliza vyote pamoja ni vingapi. Akarudi mwanzo kabisa, moja, mbili, tatu, mpaka akafika nane. Sawa. Nikaviondoa vile vitatu, kisha vitano vya kwanza nikavifunika kwa kikombe huku akitazama.

"Humu ndani mna vingapi?"

"Vitano."

Nikarudisha vitatu nje. "Na vyote?"

Akanitazama, akakitazama kikombe, kisha akakiinua upande mmoja, akainamisha kichwa na kuanza kuvihesabu vya ndani.

Nimefundisha watoto wanaoanza kwa miaka kumi na moja sasa, na mchezo huo wa kikombe ndio kipimo changu. Huyu mtoto alikwisha kusema kwa kinywa chake kwamba vimo vitano, ila hakuwa tayari kuvitegemea bila kuviona. Kwake tano bado ilikuwa mwendo: unatoka moja, unapita mbili, unafika. Tano iliyokaa mahali pake, unayoweza kuiacha na kuikuta vilevile, hakuwa nayo. Miaka yangu ya mwanzo sikuliona hilo. Nilidhani kazi ni kumfanya akumbuke kwamba tano na tatu ni nane, nikawakaririsha kama kasuku. Walikariri vizuri. Kisha nikiwapa vijiti vitano na vitatu mkononi, wanaanza moja.

Ukitaka kuona tatizo lilipo, mwambie mtoto ahesabu kuanzia nne. Wengi wananyamaza, au wananong'ona haraka "moja mbili tatu" ndipo wanatoa "nne" kwa sauti. Namba wamezijua kama wimbo, na wimbo hauingiliwi katikati. Kwa hiyo wiki nzima hatujumlishi chochote. Tukipanga mstari, naanzisha: "Sita!" nao waendelee. "Tatu!" waendelee. Mtu akipita anadhani tunapoteza muda.

Wakishaweza kuendeleza, linakuja kosa ambalo huwa nalisubiri. Mtoto ana tano chini ya kikombe na vitatu nje. Anagusa kifuniko cha kwanza cha nje na kusema "tano", cha pili "sita", cha tatu "saba". Jibu: saba! Anajiamini kabisa, na ukimwambia tu "hapana" atadhani njia yote ni mbovu, arudi kwenye moja. Njia si mbovu. Amekipa kifuniko kimoja jina la tano badala ya kukipa kikombe kizima. Kwa hiyo nagonga kikombe kwa kiganja, nasema "taaano" kwa kuvuta, kisha naweka kidole kwenye kifuniko cha kwanza na kunyamaza. Hapo "sita" hutoka yenyewe.

Kuna jambo la lugha yetu ambalo sijawahi kusikia likizungumzwa katika mafunzo yoyote niliyohudhuria. Tunamfundisha mtoto moja, mbili, tatu, halafu tunamuuliza vijiti viwili na vijiti vitatu, mawe mawili na mawe matatu, watoto wawili na watoto watatu. Mbili, viwili, mawili, wawili: masikioni mwake hayo yanaweza kuwa mambo manne. Halafu sita, saba na tisa hazibadiliki, vijiti sita, mawe sita, ila nane inabadilika tena: vijiti vinane. Nilikuwa na mtoto aliyejua vizuri kwamba mbili na mbili ni nne lakini mawe mawili na mawe mawili yakamkwamisha. Siku hizi wiki za mwanzo natumia kitu cha aina moja tu, na nasema yote mawili pamoja, "vifuniko viwili, mbili," mpaka yazoeane.

Lakini lugha hiyohiyo inatulipa baadaye. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: jina lenyewe ni jumla. Mtoto akipewa 8 + 5, akachukua mbili kutoka kwenye tano kuijaza nane iwe kumi, anabaki na tatu, na jibu tayari limo mdomoni mwake: kumi na tatu. Ndiyo maana nawahimiza wazijue jozi za kumi kuliko kitu kingine, saba na tatu, sita na nne, nane na mbili. Vidole kumi viko palepale. Kunja vitatu, vilivyosimama ni saba. (Mwalimu anayewapiga marufuku watoto kutumia vidole sijui amekasirishwa na nini.)

Kuanza na namba kubwa, yaani 2 + 7 kuihesabu kutoka saba, silifundishi. Nangoja. Nawapa 1 + 9, 2 + 8, 2 + 7, mpaka mmoja achoke kuhesabu mwendo mrefu na kugeuza mwenyewe. Kisha anawaambia wenzake kama siri. Faida yake ni kubwa: ukijumlisha 0 hadi 9 kwa 0 hadi 9 unapata maswali 100, lakini ukijua kwamba kugeuza hakubadilishi kitu yanabaki 55.

Alama ya sawasawa inastahili makala yake. Niseme tu kwamba mara mojamoja naandika 8 = 5 + 3, jibu likatangulia, ili wasidhani mistari ile miwili maana yake ni "toa jibu hapa".

Yule mtoto wa kikombe aliendelea kuchungulia kwa siku nne au tano. Sikumzuia. Siku moja akakigonga kwa kiganja kama nifanyavyo mimi, akasema "taaano", akamalizia: sita, saba, nane. Kisha akaomba zamu ya kuniuliza. Akafunika vifuniko, akaweka viwili nje.

"Humu mna vitano. Vyote?"

"Saba," nikasema.

Akainua kikombe. Vilikuwa vinne. Kimoja alikuwa amekikalia.