Fulani ap Fulani: Majina ya Watu Ndani ya Hati za Ardhi za Wales

Nilipokuwa nikisomea utunzaji wa nyaraka huko Aberystwyth, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Wales, nilikuwa na ada ya kupanda kilima asubuhi hadi Maktaba ya Taifa, kuacha mkoba na kalamu ya wino kwenye kabati la mlangoni, na kuingia chumba cha kusomea na penseli tu. Siku ya kwanza nililetewa hati ya karne ya 16 iliyokunjwa kama kanga inayotoka dukani. Ilikuwa ngozi ya kondoo, kaidi kweli kweli. Kila nilipoikunjua ilijikunja tena, mpaka mkutubi akaja na mikufu ya madini ya risasi iliyoshonewa ndani ya kitambaa, akaibana pembe zote nne. Ndipo nikaona kwamba ukingo wake wa juu ulikuwa umekatwa kwa mawimbi. Zamani nakala mbili za mapatano ziliandikwa kwenye ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa katikati kwa mkato wa namna hiyo na kila upande ukachukua kipande chake. Ukizuka ugomvi, vipande vilikutanishwa, na kisichoingiana na mwenzake kilijulikana kuwa cha kughushi. Hata kondoo mwenyewe alikuwa na sehemu yake katika ulinzi huo, kwa kuwa ngozi yake ina tabaka zinazobanduka mtu akijaribu kukwangua maandishi, na jeraha hilo halifichiki.

Lakini kilichonishika siku ile ni majina. Mwenye kuuza hakuwa na jina la ukoo. Alitajwa yeye, kisha likaja neno *ap* na jina la baba yake, kisha *ap* tena na jina la babu, kisha *ap* ya tatu. Nilitabasamu peke yangu, maana neno hilo dogo ndilo “bin” yetu hasa, na mwanamke naye ana *ferch* yake, yaani binti. Nilidhani ni adabu tu ya kuwataja wazee. Kumbe nasaba ile ilikuwa sehemu ya ushahidi wa ardhi yenyewe.

Katika sheria za kale za Wales, zinazohusishwa na mfalme Hywel Dda aliyefariki karibu mwaka 950, ardhi ilikuwa ya ukoo. Alipokufa mtu, wanawe wa kiume waligawana kwa usawa, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa maadamu baba aliwakubali, na mgawanyo huo uliweza kufunguliwa upya miongoni mwa wajukuu na hata vitukuu vyake. Mabinti kwa kawaida hawakupata ardhi. Katika utaratibu wa aina hiyo, anayewataja baba zake watatu bila kukwama ameshaonyesha anaingilia wapi katika shamba. Hati ya ngozi ilikuja baadaye, ikaukuta ulimi ukifanya kazi hiyo tayari, ikaamua kuuandika.

Kwa kuwa ardhi ya ukoo haikuweza kuuzwa moja kwa moja, watu walibuni njia ya kuizunguka sheria, nayo iliitwa *prid*. Mwenye shida ya fedha alimpa mwenzake ardhi kwa miaka minne, akapokea fedha. Asipoikomboa muda ulipokwisha, ilibaki kule kwa miaka mingine minne, na mingine, bila kikomo. Anayeijua bei ya khiyari iliyotumika kwa mashamba ya Unguja, Pemba na Mombasa ataitambua sura hii mara moja: mkopeshaji anavuna mazao, na mwenye ardhi anabaki na haki ya kukomboa ambayo kila mwaka inazidi kuwa ya maneno tu. Hati za *prid* zimo katika nyaraka za ukoo wa Mostyn, ambazo leo ziko Chuo Kikuu cha Bangor, kaskazini mwa Wales, na ukizisoma kwa mfululizo unaona jinsi ukoo mmoja ulivyojikusanyia vipande vya majirani, rehani kwa rehani.

Sheria za mwaka 1536 na 1543, zilizoiunganisha Wales na Uingereza chini ya Henry VIII, zilivunja mambo mawili kwa pamoja. Mgawanyo baina ya ndugu ulifutwa, urithi ukaenda kwa mwana wa kwanza wa kiume. Na Kiingereza kikawa lugha ya mahakama katika nchi ambayo watu wengi hawakukijua. Milki kubwa zilianza kunenepa, na majina yakaanza kukonda. *Ap Rhys* ikawa Price, *ap Hywel* ikawa Powell, *ap Huw* ikawa Pugh, *ab Owain* ikawa Bowen, kila moja ikiwa imemmeza baba mmoja na kuwatema wengine wote. Inasimuliwa kwamba Askofu Rowland Lee, aliyekuwa mkuu wa Baraza la Wales enzi hizo, alichoshwa mahakamani na mlolongo wa baba za bwana mmoja, akaamuru aitwe kwa jina la nyumba yake tu, Mostyn. Kisa hicho huenda kimetiwa chumvi, ila mimi nakipenda, kwa sababu kinaonyesha mambo yalivyopinduka: zamani jina la mtu lilikuwa dai juu ya ardhi, na sasa ardhi ndiyo iliyompa mtu jina.

Hati hazikutunzwa kwa kupenda historia. Abasia ya Margam, kusini mwa Wales, ilianzishwa mwaka 1147 na kufungwa mwaka 1536, na aliyenunua ardhi zake, Rice Mansel, alichukua pia hati za watawa kwa sababu zilimsaidia kujitetea dhidi ya yeyote ambaye angedai kwamba babu yake alinyang'anywa. Ndiyo maana hati za karne ya 12 zimeokoka hadi leo: zilipita kutoka kwa watawa hadi kwa Mansel, kutoka Mansel hadi Talbot (ambao jina lao limebaki katika mji wa Port Talbot), na mwisho Maktaba ya Taifa. Bahati hiyo si ya wote, kwani Wynnstay, jumba la mabwana wengine wa ardhi, liliteketea mwaka 1858 na maktaba yake ikaondoka na moto.

Nami hati za mabwana huzipita upesi. Ninazokaa nazo ni za wapangaji, hasa zile za “maisha matatu”. Kabaila hakumkodisha mkulima shamba kwa miaka, bali kwa uhai wa watu watatu waliotajwa kwa majina. Maadamu mmoja wao anapumua, shamba ni lao. Akifa mmoja, mpangaji angeweza kuomba jina jipya liongezwe, kwa ada. Niliwahi kusoma mkataba mmoja wa karne ya 18 ambamo watatu hao walikuwa mkulima, mkewe, na mtoto wao wa miaka sita. Huwezi kuusoma bila kuona hesabu waliyoifanya wazazi wale: mtoto mkubwa wa kutosha kuwa amepita surua na ndui, mdogo wa kutosha kuishi miaka 60 mbele. Chini, mahali pa sahihi, baba ameweka msalaba wa wino, kama wazee wetu walivyotia dole gumba, na mkataba wote uko kwa Kiingereza. Maneno ya Kiwelshi yaliyobaki ni majina ya makonde tu, kila moja likianza na *cae*, yaani konde, kwa kuwa hayo wakili asingeweza kuyabuni.

Kuna sanduku la nyaraka ambalo ni zito kulifungua. Ukoo wa Pennant wa Penrhyn, karibu na Bangor, ulikuwa na machimbo ya mawe ya kuezekea huko Wales na mashamba ya miwa Jamaika. Richard Pennant, aliyefariki mwaka 1808, aliutetea utumwa bungeni, na barua zake na wasimamizi wa Jamaika zimehifadhiwa Bangor, kando ya vitabu vya kodi vya wakulima wa Wales. Humo watumwa wameorodheshwa kwa majina na thamani, kurasa chache kutoka kwa ng'ombe. Jina moja tu kila mtu, bila *ap*, bila baba. Utumwa ulipokomeshwa, mrithi wake, George Hay Dawkins-Pennant, alilipwa na serikali fidia ya zaidi ya pauni 14,000 kwa watu 764. Wao wenyewe hawakulipwa chochote.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza milki nyingi ziliuzwa kwa mnada, mara nyingi kwa wapangaji wenyewe, na sheria ya mwaka 1925 ikampunguzia muuzaji mzigo wa ushahidi hadi miaka 30 ya nyuma. Ngozi za miaka 300 zikawa takataka katika ofisi za mawakili, na si chache zilizoishia kuwa vifuniko vya taa.

Zilizookoka sasa husomwa zaidi na vitukuu vya wapangaji. Mzee mmoja aliyeketi meza ya pili alikuwa akimtafuta mama wa bibi yake katika kitabu cha kodi, kazi ngumu pale ambapo nusu ya ukurasa ni Jones na nusu iliyobaki ni Davies. Alimpata kwa jina la shamba. Akanionyesha mstari wenyewe kwa ncha ya penseli, bila kuugusa: kodi ya nusu mwaka, siku moja ya kuvuna kwa bwana, na kuku wawili wanono, ambao kwa mujibu wa karani hawakuletwa.