Land Rover Kongwe na Kilo za Nyuma

Nilipofika, Land Rover 110 ya mwenzangu ilikuwa imeshashindiliwa mizigo hadi dari, na yeye yuko juu ya keria anafunga turubali. Nikamwomba jambo moja kabla hatujashika njia: tupite kwenye mizani. Akacheka. "Gari hii imebeba mawe, kaka!" Hata hivyo tulipita, tenki limejaa na sote wawili tumekaa vitini, maana kupima gari lisilo na mafuta wala abiria ni kujidanganya.

Bamba la uzito limebandikwa chini ya boneti, juu ya kasha la pedali ya breki. Lilisema gari zima lisizidi kilo 3,050, ekseli ya mbele, yaani mhimili wa magurudumu, kilo 1,200, ya nyuma 1,850. Mizani ikatoa 1,120 mbele na 1,810 nyuma. Mwenzangu akajumlisha haraka: 2,930, bado tuna nafasi ya kilo 120! Macho yangu yalikuwa kwenye ekseli ya nyuma, iliyobakiwa na kilo 40 tu kabla hatujakanyaga shimo hata moja.

Tena namba za bamba ziliandikwa kwa gari jipya. Hili chesisi yake imechomelewa viraka upande wa nyuma kwa sababu ya kutu, na springi zimelala. Ngao ya chuma, winchi ya kujivuta tukikwama, betri ya pili na hiyo keria yenyewe vyote vimefungwa baadaye, na kila kimoja kimekula sehemu ya mzigo ulioruhusiwa. Gari la namna hii likiwa tupu huwa na tani mbili hivi, kwa hiyo kwenye karatasi linabeba karibu tani moja. Ukishalivika vyuma vyote hivyo, tani hiyo huioni. Kwa gari la umri huu mimi sikubali ekseli ya nyuma ibakiwe na chini ya kilo 100.

Tukashusha mizigo palepale kando ya mizani. Madumu ya maji yalikuwa yamepangwa mkiani, mlangoni kabisa, na maji hayana siri: lita 20 ni kilo 20, dumu lenyewe bado. Kilo 60 zikikaa mita moja nyuma ya ekseli, ekseli hiyo inabeba zaidi ya 81, kwa kuwa mzigo unanyanyua pua ya gari na uzito wa mbele unahamia nyuma. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika mbinguni, na breki za mbele zinakosa kitu cha kushikilia. Madumu yakahamia nyuma ya viti vya mbele, sakafuni. Tairi la pili la akiba likatoka kwenye keria na kuachwa kwa mwenye mizani, kwa manung'uniko mengi. Tulipopima tena: 1,150 mbele, 1,740 nyuma. Sasa twende.

Barabara ya changarawe ilikuwa na mawimbi yale yanayotikisa meno. Tulisimama mara kwa mara kugusa shokapu kwa nyuma ya kiganja. Zikipata moto sana, tunapunguza mwendo. Mawimbi hayo huvunja kuliko shimo moja kubwa, kwa sababu uzito uleule unadunda juu ya chuma kilekile bila kupumzika, na kiraka cha chesisi hakina subira hiyo.

Kwenye mchanga wa mto mkavu ikabidi tupunguze upepo wa tairi ili zisizame. Tairi zetu zilikuwa na namba 112 ubavuni, yaani kila moja inabeba kilo 1,120, lakini hiyo ni kwa upepo kamili. Ukiupunguza, uwezo unashuka na mpira unachemka, kwa hiyo tulivuka polepole na kujaza upya mara tu ardhi ilipokuwa ngumu. Mwenzangu alitaka tuahirishe kujaza hadi jioni. Hapo nilikataa kabisa.

Mteremko wa genge ndio ulionifurahisha. Gia nzito ya kupunguza mwendo (low) ikaingia, namba mbili, injini ikashika gari, na mguu ukabaki karibu na breki bila kuikanyaga sana. Pua ilikuwa imetulia chini, usukani unajibu. Kwenye kona zilizoinamia bondeni nilishukuru kwamba juu ya keria palibaki mahema na magodoro tu.

Bondeni, mwenzangu akapiga mkono springi za nyuma. "Nitafunga nzito zaidi. Safari ijayo tairi langu linarudi juu."

"Funga," nikamwambia. "Mkia utanyanyuka. Ekseli, beringi na breki ni zilezile, na bamba litabaki linasema 1,850."

"Basi maji yatabaki sakafuni?"

"Sakafuni. Na tairi likitaka kuja, mzigo mwingine wa nyuma ubaki."