Nilivyopunguza gharama ya hifadhi ya data kwenye Salesforce

Kabla ya kulipia nafasi ya ziada, fungua Setup (mipangilio ya Salesforce, mfumo wa mtandaoni wa kutunza taarifa za wateja), nenda kwenye ukurasa wa Storage Usage uone ni jedwali lipi linakula nafasi. Hifadhi ziko mbili na hazisaidiani: moja ya rekodi, nyingine ya faili. Kwetu iliyokuwa inajaa ni ya rekodi, hivyo kufuta PDF na picha kusingetusaidia kitu.

Hesabu yake ni ya ajabu kidogo, na ndiyo inayoamua kila kitu. Rekodi nyingi huhesabiwa KB 2 kila moja, iwe imejazwa sehemu (visanduku vya taarifa) 3 au 300. Kwa hiyo kuondoa sehemu zisizotumika hakuokoi chochote. Cha kupunguza ni idadi ya rekodi. GB 1 hubeba rekodi 524,288. Kampeni huhesabiwa KB 8 na akaunti ya mtu binafsi KB 4. Barua pepe za kesi (maombi ya msaada ya wateja) ni suala jingine: huhesabiwa kwa ukubwa wake, na kwa kuwa kila jibu hubeba nakala ya majibu yote yaliyotangulia, kesi moja yenye mabishano marefu hula nafasi ya rekodi nyingi za kawaida. Historia ya mabadiliko ya sehemu haimo kwenye hesabu hii, kwa hiyo iache.

Mlaji mkubwa kwetu lilikuwa jedwali la kumbukumbu za mawasiliano na mifumo mingine: kila wito uliandika rekodi, hata uliofanikiwa. Kufuta peke yake kungekuwa kukausha sakafu huku bomba likivuja. Nilianza kwa kubadili programu iandike makosa tu, kisha nikaweka kazi ya kila usiku inayofuta kumbukumbu zilizopita siku 30.

Waliofuata ni Task za zamani, yaani rekodi za kazi za kufanya. Zilizofungwa ambazo tarehe yake ya mwisho imepita kwa zaidi ya siku 365 huwekwa kando na mfumo wenyewe, lakini huendelea kuhesabiwa. Ukitumia Export ya Data Loader (programu ya Salesforce ya kutoa na kuingiza data) hutaziona. Tumia Export All, weka sharti IsArchived = true, na usisahau IsDeleted = false, la sivyo utapata pia zilizokwisha kufutwa.

Kabla ya kufuta, toa nakala ya CSV (faili la jedwali) yenye sehemu zote, pamoja na ID, yaani namba ya utambulisho, ya rekodi na ya rekodi mama, ile ambayo rekodi hiyo iko chini yake. Linganisha idadi ya mistari na idadi iliyoko kwenye mfumo. Fahamu kwamba ukija kuzirudisha kutoka CSV zitapewa ID mpya, na uhusiano wote utaujenga upya kwa mkono. Ndiyo sababu sipendi kufuta kwa kuruka pipa la taka. Rekodi zikiwa pipani hazihesabiwi kwenye hifadhi, na una siku 15 za kuzirudisha zikiwa na ID zilezile. Ila pipa nalo lina kikomo: mara 25 ya MB za hifadhi yako. Mwenye MB 10,000 ana nafasi ya rekodi 250,000. Ukizidisha, za zamani huondolewa kabla ya siku hizo. Nilifuta 50,000 kwa wakati mmoja, nikasubiri malalamiko, ndipo nikaendelea.

Kosa la UNABLE_TO_LOCK_ROW (mfumo umeshindwa kufunga rekodi) linaweza kukutokea ukifuta kwa Bulk API, njia ya kushughulikia rekodi nyingi kwa mafungu. Mafungu mawili yanayokwenda sambamba yanagombea rekodi mama moja. Panga CSV kwa ID ya mama ili watoto wake wakae fungu moja. Likiendelea, washa hali ya kufuta fungu moja baada ya jingine. Ni polepole, lakini kazi inakwisha.

Hatari kubwa kuliko zote ni kufuta mama. Ukifuta kesi, barua pepe zake huondoka nayo. Watoto wa uhusiano wa master-detail (ambapo mtoto hawezi kuwepo bila mama) vilevile. Orodhesha watoto kwanza, na kila jedwali litolewe nakala yake.

Baada ya kufuta, usishtuke ukurasa wa Storage Usage ukionyesha namba ileile. Hesabu hufanywa nyuma ya pazia na huchelewa, kwa hiyo rudi uangalie baadaye kabla ya kufuta zaidi.