Ishara za taa tatu kwenye reli yangu ya Bububu

"Ami, mbona gari linapita penye nyekundu?"

Swali hilo la mtoto wa kaka yangu liliniharibia wiki nzima. Gari lenyewe ni gari la moshi la mfano, dogo, kipimo cha 1 kwa 87, linazunguka juu ya ubao wa plaiwudi chumbani kwangu, mtaa wa Ng'ambo hapa mjini Unguja. Nimejaribu kuiga ile reli ya zamani iliyoanza 1905, ikitoka mjini karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, kama kilomita 11. Wajuzi wasinisute: hizi taa za rangi tatu ni nyongeza yangu mwenyewe. Na wale wanaosema Bububu ilipewa jina kwa mlio wa gari la moshi, basi wajue Seyyida Salme, binti wa Sultani Said, alikaa Bububu miaka ya 1860, reli haijafikiriwa.

Kulehemu nilijifunza katika lile giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja ilipokaa miezi mitatu bila ya umeme. Nilikuwa nikiunga LED, zile taa ndogo za miguu miwili, kwenye betri, nawagawia majirani. Kwa hiyo nilipoanza ishara nilijiona fundi. Nguzo nilizitengeneza kwa mirija ya ndani ya kalamu, nikapitisha waya nyembamba za shaba nilizozifumua kwenye mota mbovu. Waya hizo zina vanishi. Usipoikwangua vizuri kwa wembe, lehemu haishiki hata ukeshe.

Kosa la swali la mtoto lilikuwa jepesi. Taa zangu tatu zimeunganishwa miguu mirefu, yaani upande wa chanya, kwenye waya mmoja wa volti 5. Miguu mifupi ndiyo inakwenda kwenye pini za Arduino, kibao kidogo cha kompyuta kinachoziendesha taa. Kwa mpangilio huo, taa huwaka pini ikiwa sifuri, na huzimika pini ikipanda. Mie niliandika programu kinyume, ndiyo maana nyekundu ikazimika wakati wa kuwaka. Nikageuza maneno mawili, yakaisha.

Lililonitesa ni la kijani. Kwa ubahili, kila nguzo niliitia risista moja tu, yaani kile kipunguza umeme, pale kwenye ule waya wa pamoja. Taa moja ikiwaka peke yake, hapana tatizo. Siku ya kujaribu nikawasha zote kwa pamoja: nyekundu na manjano zinang'ara, kijani kimya. Nikasema imeungua. Nikaikata, nikatia nyengine. Kimya. Ya tatu, vilevile. Ndipo nilipochukua mita nikapima kwenye miguu ya ile kijani: volti 2 na kidogo. Hapo nikajicheka. Nyekundu inataka kama volti 2 tu, na hizi kijani za siku hizi zinataka karibu 3. Zikigawana risista moja, nyekundu huuvuta umeme wote kwake na haiuachi kupanda mpaka pa kijani. Zile kijani mbili nilizozitupa zilikuwa nzima!

Basi sasa kila taa ina risista yake, upande wa pini. Hesabu ni kutoa na kugawa: 5 toa 2 ni 3, gawa kwa umeme unaotaka upite, miliampia 10 (yaani ampia 0.01), unapata om 300, ndicho kipimo cha risista; dukani utapata 330. Kijani, 5 toa 3, ni om 200, unachukua 220. Lakini hesabu na macho havipatani, kwa sababu kijani ya om 220 ilikuwa inachoma macho kama tochi. Nikaishia kuitia om 1,000, na bado inaonekana vizuri mchana.

Halafu likaja la jua. Kulitambua gari nilitumia vihisi vya mwanga usioonekana: gari likikatiza, ishara nyekundu. Usiku safi kabisa. Ikifika Alasiri, ishara zote zinachanganyikiwa, na gari limesimama wala haligusi kitu. Niliifuta programu mara mbili nikaiandika upya. Kumbe dirisha langu linatazama magharibi, na jua lenyewe limejaa mwanga wa aina hiyohiyo. Vihisi vilikuwa vinapofuka. Upepo ulilipeperusha pazia, nikaziona taa zinabadilika pamoja nalo.

Niliving'oa vyote, nikatia swichi za sumaku chini ya reli, na kisumaku kimoja tumboni mwa kichwa cha gari. Kikipita, ishara ya hapo inakuwa nyekundu, ya nyuma yake manjano, ya nyuma zaidi kijani. Mabehewa ya mkiani yanakuwa bado hayajatoka, kwa hiyo programu husubiri sekunde 4 kabla ya kuirudisha ya nyuma.

Jengine ni chumvi ya hewa ya bahari. Masika ilipopita, viungo vya lehemu vilikuwa vimeota ukijani. Mke wangu ana rangi ya kucha isiyo na rangi; nimeipaka kila kiungo tone moja, na chupa ile sikuirudisha.

Jana Alasiri niliacha pazia wazi makusudi, jua limelala juu ya ubao mzima. Kichwa kikapita, nyekundu ikawaka, ikatulia. Nilimwita mtoto aje aone. Hata hakuitazama taa. Alikuwa anauliza soko la Darajani tutalitia lini kwenye ubao.