Kusogeza Hedhi Mbele: Kazi Kubwa Ni Kuhesabu Siku

Mtu anakumbuka usiku wa kuamkia siku zake, anameza vidonge viwili vya kuchelewesha hedhi kwa mpigo, asubuhi anaona damu, anasema dawa ni feki. Dawa haina kosa. Hedhi huja projesteroni, homoni ya kike inayoshikilia ukuta wa mji wa mimba, inaposhuka na ukuta wa ndani wa mji wa mimba kukosa kinachoushikilia. Kidonge kinatakiwa kiwemo mwilini kabla ya hapo. Ukuta ukishaanza kubomoka, hakiurudishi.

Kwa norethisterone, kidonge chenye homoni inayofanya kazi kama projesteroni, dozi iliyozoeleka ni miligramu 5 mara tatu kwa siku, kuanzia siku 3 kabla ya tarehe unayotarajia hedhi. Weka saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Mzunguko unaorukaruka, siku 26 mwezi huu na 33 ujao? Hesabu kwa ule mfupi. Ukiacha, damu huja baada ya siku 2 hadi 3, kwa hiyo panga na siku ya kuacha pia. Usipitishe siku 14 bila mtaalamu kukuongoza.

Matone katikati mara nyingi ni dozi iliyorukwa, au dawa nyingine inayofanya mwili uivunje homoni haraka: rifampisini (ya kifua kikuu), kabamazepini na fenitoini (za kifafa). Mtajie mfamasia kila unachomeza.

Anayetumia vidonge vya majira vyenye homoni mbili hahitaji norethisterone. Aviache vile vya mwisho visivyo na dawa, aghalabu 7, aanze pakiti mpya kesho ya kidonge cha mwisho chenye dawa. Pakiti yenye vidonge vya nguvu tofauti ina utaratibu wake, uliza kwanza.

Sasa usalama. Mwili hugeuza sehemu ya norethisterone kuwa estrojeni, homoni nyingine ya kike, na kwa dozi hii hatari ya damu kuganda hupanda. Aliyewahi kuganda damu, kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, mwenye ugonjwa wa ini, saratani ya matiti au damu ukeni isiyojulikana chanzo, asijinunulie. Daktari anaweza kumpa medroxyprogesterone, dawa nyingine ya aina ya projesteroni, badala yake, au akakataa kabisa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikata au macho yakififia ghafla, acha dawa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Na norethisterone haizuii mimba ikitumiwa hivi. Kama kuna uwezekano, pima kabla ya kidonge cha kwanza. Pima tena ikipita wiki tangu uache na damu haijaja.